Kuku Wako wa Uani Akiugua: Mwongozo Kamili, Kuanzia Asubuhi Unapomwona Amezubaa Hadi Usiku wa Kumrudisha Bandani

Kishingo wangu alikuwa wa kwanza kila asubuhi. Nikigusa komeo la banda tu, yeye ndiye aliyekuwa mlangoni, shingo tupu imesimama, anadai pumba. Siku moja nikafungua, wenzake wanane wakatoka mbio, yeye akabaki pembeni ya debe la maji, macho nusu yamefumba, mkia umeshuka, manyoya yametimka kama amepigwa na baridi. Jirani yangu, mzee wa watu, akachungulia juu ya uzio akasema, "Mwanangu, hicho ni kideri. Mchinje kabla hajajifia."

Nilikaribia kumsikiliza, kwa kuwa kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku haraka, nakijua. Kabla ya hapo kilishanimalizia kuku saba ndani ya siku tano. Lakini nilimchukua Kishingo nikampapasa kwanza, na nikakuta yai limekwama. Jioni yake alikuwa anadonoa mtama. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: kuku akiugua, mshike na umkague kabla hujakimbilia kisu au duka la dawa. Wengi wetu tunanunua unga wa antibayotiki kwa kusikia tu neno "anazubaa", na kuzubaa ni dalili ya karibu kila ugonjwa wa kuku.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku watano, kumi, kumi na tano, anaowajua mmoja mmoja. Mwenye kuku elfu moja wa nyama ana hesabu zake nyingine.

Hatua ya kwanza: mtenge sasa hivi

Usingoje uone kama atapata nafuu. Kuku ni ndege wa kuwindwa na huficha ugonjwa, kwa hiyo ukimwona ameinamisha kichwa hadharani, ujue pengine ameanza kuumwa siku moja au mbili nyuma. Mchukue, muweke kwenye tenga au boksi kubwa la katoni lenye matundu, chini utandike magunia au maranda ya mbao. Mahali pawe pakavu, pana kivuli, hapapigwi na upepo, na pawe mbali na banda. Ukipata chumba cha stoo, vizuri zaidi.

Chombo chake cha maji na cha chakula kiwe chake peke yake. Kila siku hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na ubadilishe kandambili. Ukianza na mgonjwa ukamalizia bandani, wewe ndiye utakayewapelekea wengine ugonjwa.

Hatua ya pili: mkague kutoka kichwani hadi kwenye kucha

Hapa usiharakishe. Mkumbatie kwa mkono mmoja, mabawa yakiwa yamebanwa taratibu, kisha uende kwa mpangilio.

Anza na upanga, ile nyama nyekundu juu ya kichwa, na ndevu zake zinazoning'inia chini ya mdomo. Vikipauka, damu imepungua: huenda ni minyoo, utitiri au kuhara damu. Vikiwa vya zambarau au bluu, hapati hewa ya kutosha au moyo umezidiwa. Vikiwa na vinundu vikavu kama viazi vidogo vyeusi, hiyo ni ndui.

Macho: yanatoa mapovu? Upande mmoja wa uso umevimba? Ute wa puani unanuka vibaya? Mafua ya kuku, yale ya bakteria, yana harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau.

Mfungue mdomo. Utando wa njano uliogandamana unaweza kuwa ndui ya ndani. Madoadoa meupe kama vichwa vya pini mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, hasa kwa kuku wanaofungiwa bila majani mabichi.

Shuka kwenye gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likague alfajiri kabla hajala, wakati ambapo linatakiwa kuwa tupu. Likiwa gumu kama mpira, limeziba, labda kwa nyasi ndefu au kamba. Mpe maji na matone ya mafuta ya kula, ulikande taratibu mara kadhaa kwa siku. Likiwa laini, linachezacheza kama mfuko wa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechachia ndani. Usimning'inize kichwa chini ili atapike, maana maji yale yakiingia njia ya hewa atakufia mkononi.

Pitisha vidole kifuani. Mfupa wa kati ukitokeza kama ukingo wa kisu, huyu amekonda kwa majuma, haikuanza jana. Fumua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja: chawa utawaona wakikimbia, na mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya kama punje za sukari.

Gusa tumbo kati ya miguu. Kwa Kishingo ndipo nilipokuta kitu cha duara, na kila nilipokigusa alikaza mkia. Kuku aliyekwama yai husimama wima kama bata, huingia na kutoka kiotani, hujikamua bila kutoa kitu. Niliweka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, ya kiasi cha mkono kuvumilia bila kuungua, nikamkalisha humo hadi tumboni kwa dakika 20. Alianza kwa kupapatika, kisha akatulia, akalaza kichwa kwenye kiganja changu. Nikamkausha, nikapaka mafuta ya kula pembezoni mwa sehemu ya haja, nikamuacha kwenye boksi lenye giza na joto. Yai lilitoka baada ya saa mbili hivi, ganda lake laini kama ngozi. Hiyo ilikuwa ishara ya upungufu wa madini ya chokaa. Sasa kila juma nasaga maganda ya mayai yaliyokaushwa na kukaangwa kidogo, naweka kwenye kopo lao. Lakini usijaribu kulivunja yai likiwa ndani, na likipita siku nzima bila kutoka, muite daktari wa mifugo.

Malizia na miguu. Magamba yaliyonyanyuka na kuwa na ukoko mweupe ni utitiri wa miguu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki mkuukuu, paka mafuta ya mgando kwa wingi, rudia kila baada ya siku chache mpaka magamba mapya yaote. Oili chafu ya gari iache kwenye gari, inaunguza ngozi. Uvimbe wenye kidoa cheusi chini ya unyayo ni usaha uliosababishwa na mwiba au kurukia sakafu ngumu.

Hatua ya tatu: soma kinyesi

Tandika gazeti chini ya mgonjwa. Kinyesi cha kuku mzima kina umbo, rangi ya kahawia au kijani kibichi, na kofia nyeupe juu. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Kila baada ya vinyesi kadhaa hutoa kimoja cha kunata, kahawia iliyokolea, kinachonuka sana. Wengi hushtuka kukiona, lakini ni cha kawaida kabisa.

Kinachostahili kukushtua ni damu, hasa kwa vifaranga wa majuma matatu hadi sita: hiyo ni koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyoleta kuhara damu, mpaka ithibitike vinginevyo. Kuhara maji ya kijani iliyokolea kunaweza kuwa kideri, na pia kunaweza kuwa kuku asiyekula tu, maana nyongo hutoka bila chakula. Njano ya kiberiti kwa kuku wakubwa wanaokufa mmoja mmoja huelekeza kwenye homa ya matumbo ya kuku. Uharo mweupe unaoganda na kuziba haja ya vifaranga wa siku chache huashiria pulorumu, ugonjwa wa bakteria ambao mama huupitisha ndani ya yai. Minyoo ya duara utaiona kwa macho, mirefu kama tambi.

Piga picha. Afisa mifugo ataelewa zaidi kwa picha kuliko kwa maelezo ya "anaharisha".

Hatua ya nne: muuguze, hata kama hujui anaumwa nini

Kuku mgonjwa huuawa mara nyingi na kiu na baridi kabla ugonjwa wenyewe haujamaliza kazi. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41, kubwa kuliko letu, na akiacha kula anashindwa kulilinda. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, upande mmoja wa boksi, inatosha. Muachie upande mwingine wa kukimbilia akiona joto limezidi.

Kuku anayetaga hunywa kama robo lita ya maji kwa siku, na zaidi kipindi cha joto. Mgonjwa asipokunywa, mchanganyie sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko kwenye lita moja ya maji safi, na umpe kwa siku moja au mbili. Usimfungue mdomo ukamimina! Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi, utaliona likifunguka na kufunga, na maji yakiingia hapo yanaenda mapafuni. Dondosha tone moja moja pembeni ya mdomo, ngoja ameze, dondosha jingine.

Chakula kiwe laini: uji mzito wa pumba, yai lililochemshwa na kupondwa, mchicha uliokatwakatwa, papai. Kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Ondoa mabaki kabla hayajachacha.

Hatua ya tano: hukumu ni ugonjwa gani

Jiulize kwanza: ni mmoja au ni wengi? Mmoja akiugua na wenzake wakaendelea kuchakura kwa siku mbili tatu, fikiria yai kukwama, gole, jeraha, minyoo, sumu. Watatu wakizubaa ndani ya siku mbili, fikiria maambukizi, na umpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.

Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, ndicho kinachomaliza mitaa. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 kisiwani Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ndipo kikapewa jina la Newcastle kwenye vitabu. Kuku hukoroma, huhema mdomo wazi, huhara kijani, hushusha mabawa, na wanaobaki hai siku kadhaa hupinda shingo mpaka kichwa kikatazama juu au nyuma. Hakina dawa. Rudia kuisoma sentensi hiyo kabla hujatoa hela dukani. Antibayotiki haiui virusi, na shubiri, pilipili au mwarobaini navyo haviui. Nimevijaribu vyote kwa wale saba wangu, kwa moyo wote, na niliwazika wote.

Vifo vingi vya ghafla, nyuso kuvimba na upanga kugeuka zambarau vinaweza kuwa pia mafua makali ya ndege, ambayo yanaweza kumpata binadamu. Si jambo la mbali nasi: Januari 2017 Uganda iliyathibitisha, ya aina ya H5N8, baada ya ndege wa porini kufa kando ya Ziwa Victoria. Ukikuta hali hiyo usichinje, usichune, usiwape mbwa. Funga geti, toa taarifa.

Ndui haina dawa pia, lakini wengi hupona kwa uuguzi. Safisha vidonda kwa maji ya chumvi au iodini, usivibandue, mpe mboga za majani, na uondoe madimbwi kwa sababu mbu ndio waenezaji wakubwa.

Kuhara damu kunatibika, na amproliamu ndiyo dawa inayopatikana kirahisi. Ipo kasoro moja ninayoiona kila mahali: watu wanaichanganya na unga wa vitamini kwenye debe moja. Amproliamu hufanya kazi kwa kuwanyima vijidudu vitamini B1, na wewe unapomwaga vitamini humo humo unawarudishia. Maliza dozi ya dawa kwanza, vitamini baadaye. Na ubadilishe matandazo, maana koksidia hustawi kwenye unyevu, na banda bichi litawarudisha kuku palepale.

Mafua ya bakteria na homa ya matumbo vinahitaji antibayotiki, lakini iandikwe na mtaalamu. Kuku aliyepona homa ya matumbo anaweza kuendelea kubeba vimelea na kuvipitisha kwenye mayai, kwa hiyo usimuatamishe.

Wakipauka upanga wote na kukataa kulala bandani, ingia usiku na tochi. Mchana hutaona kitu. Usiku utakuta papasi na utitiri wanatoka kwenye nyufa za mbao na kupanda miguuni. Dawa ya kuku peke yake haitoshi hapo, maana adui anaishi kwenye mbao. Toa vichanja nje, mwagia maji ya moto, anika juani, ziba nyufa. Viroboto wanaong'ang'ania usoni wapake mafuta ya mgando, watakosa hewa.

Usisahau sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mahindi yaliyooza uliyoyaona hayafai kwa ugali hayafai na kwa kuku. Ukungu ule hauondoki kwa kupepeta, na kuku wanaoula hudhoofika polepole na kuacha kutaga bila wewe kuelewa kwa nini.

Hatua ya sita: dawa na mayai

Pima dawa kwa lita kama karatasi inavyosema, si kwa kiganja. Iwe maji yao pekee siku hiyo, na ibadilishwe kila asubuhi. Maliza siku zilizoandikwa hata kama amechangamka siku ya pili, la sivyo unafuga usugu wa dawa nyumbani kwako, na bakteria hao hawachagui kati ya kuku na mtoto. Mwambie muuzaji wa dukani akuonyeshe mstari wa muda wa kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Siku zote hizo mayai yanafukiwa. Najua inauma, hasa mwisho wa mwezi.

Minyoo iwe na ratiba yake, kila miezi mitatu. Piperazini huondoa minyoo mikubwa ya duara tu. Kwa aina nyingine omba levamisoli au dawa ya jamii ya albendazoli.

Akifa

Usimle na usimtupe jalalani. Kuku wengi wa kideri huchinjwa harakaharaka wakiwa mahututi, na manyoya na matumbo yaliyotupwa nyuma ya nyumba ndiyo yanayopeleka ugonjwa nyumba ya tatu. Mzike kina cha mita moja, nyunyiza chokaa au majivu juu, shindilia ili mbwa wasifukue.

Lakini kabla ya kumzika, ikiwa una wengine wa kuwaokoa, fikiria maabara. Mfunge kwenye mifuko miwili, umweke kwenye barafu, asigande, na umfikishe ndani ya siku moja. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una vituo Temeke, Arusha, Mwanza, Iringa na kwingineko, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina wataalamu wake. Kuku mmoja aliyepasuliwa na mtaalamu huweza kukupa jibu ambalo pakiti nne za dawa hazikupi.

Waliobaki

Osha vyombo vyote kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya kuua vidudu. Uchafu ukibaki, dawa haifanyi kazi. Jua kali ni rafiki, tumia.

Wale saba wangu waliangamizwa na jogoo mmoja niliyemnunua mnadani siku mbili kabla ya sikukuu. Alikuwa mzuri, mwekundu, anang'aa. Nilimwachia moja kwa moja kundini. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nauchukulia usemi huo kama sheria ya afya: mgeni anakaa peke yake siku zisizopungua 14, na yule uliyempeleka sokoni akarudi bila kuuzwa ni mgeni pia.

Chanjo ya kideri ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, na ni tone moja kwenye jicho moja kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kisha unarudia kila miezi minne. Ihifadhi kwenye ubaridi hata hivyo. Mpe kuku asiyeumwa tu, na umpe kabla ugonjwa haujaingia mtaani, kwa kuwa kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Tatizo letu wenye kuku tisa ni kwamba kichupa kina dozi nyingi mno. Mimi nazunguka nyumba za jirani tunachanga, na asubuhi moja tunawachanja kuku wa mtaa mzima kabla hawajatoka mabandani. Hiyo ni bora kuliko kuchanja wako peke yao, maana kuku hawajui uzio.

Kumrudisha

Ngoja mpaka awe anakula, kinyesi kina umbo, na hana dalili yoyote kwa siku saba. Kama ulikuwa ugonjwa wa kuambukiza, fika siku 14. Usimrudishe mchana. Wenzake wameshagawana vyeo, watamdonoa kichwani mpaka damu, na kuku akishaona damu haachi. Siku mbili za mwisho liweke tenga lake karibu nao wamwone. Halafu usiku, wote wakiwa wamelala, mbebe taratibu umweke kwenye kichanja katikati yao.

Kishingo nilimpandisha kati ya tetea wawili wa rangi ya kanga. Mmoja alijisogeza kidogo, akamfunika kwa bawa, akaendelea kulala. Asubuhi nilitoka mapema kuliko kawaida kwenda kushika komeo.